purrr ya R baada ya misimu miwili ya mizani ya kahawa: nyota nne

Niseme mapema, mi sio programa. Nimesoma takwimu, nikatoka chuo najua wastani na jaribio la t basi, mengine yote nimejifunzia kazini hapa Moshi kwa kugongwa. Kazi yenyewe ni hii: kila msimu wa kahawa, kuanzia mwezi wa saba hivi, napokea mafaili kutoka vituo 38 vya kupokelea kahawa huko juu milimani, kila kituo na karani wake, kila karani na mwandiko wake wa Excel, afu natakiwa nitoe karatasi moja ambayo mhasibu akiiangalia hapigi simu. Kwa hiyo hii rivyu usiisome ka ya mtaalamu, isome ka ya mtu aliyenunua panga anakwambia linakata au halikati.

Bidhaa inaitwa purrr. Ni pakeji ya lugha ya R, yaani furushi la zana unaloiongezea hiyo lugha, bei bure kabisa, unachogharamia ni bando la kudaunlodi. Jina lina r tatu, ukiweka mbili haiji, ni ule mlio wa paka akiwa ameshiba kajikunja karibu na majivu, na kwenye nembo paka yupo kweli. Walioiandika ni Hadley Wickham na Lionel Henry, ilitoka 2015, na toleo la 1.0.0 likaja Desemba 2022, ukiona maelezo ya kabla ya hapo yasome kwa tahadhari nitakwambia kwanini. R yenyewe kwa asiyeijua ni lugha ya watu wa takwimu, ilianzia chuo kikuu cha Auckland kule New Zealand kwa Ross Ihaka na Robert Gentleman, wote majina yao yanaanza na R ndo maana.

Inachofanya ni kitu kimoja tu ukiangalia vizuri. Una rundo la vitu, mafaili, majedwali, wakulima, chochote, na una kazi ya kufanya kwa kila kimoja. Unaipa rundo, unaipa kazi, inapita mmoja mmoja inakurudishia rundo jipya. Na kwa sababu kilichotoka ni rundo tena, unaweza kulipeleka kwenye kazi inayofuata, na inayofuata, mnyororo mrefu unavyotaka wewe.

Nilianza na lupu kama kila mtu. Kwa kila faili fungua, chukua namba, tia kwenye kapu, rudi. Lupu haina ubaya, msikilize yeyote anayekwambia lupu za R ni polepole afu muulize alipima lini, mara nyingi polepole inatokana na kuongeza kapu kidogo kidogo kila mzunguko, R inalinakili kapu zima upya kila ukiongeza kitu, sio kosa la lupu hilo ni kosa la mwenye kapu. Shida yangu mi ilikuwa nikirudi kwenye kodi, yaani yale maagizo niliyoiandikia kompyuta, baada ya miezi sita nakuta mistari arobaini na mistari ya kazi kweli ni mitano, iliyobaki ni kuhesabu i na kuandaa makapu. Nasoma kodi yangu mwenyewe ka nasoma barua ya mtu mwingine.

Afu nikahamia sapply, inafanya kazi ya lupu kwa mstari mmoja, inakuja na R yenyewe huinstoli kitu. Hapa ndo ilikula kwangu.

Kila faili chini kabisa lilikuwa na mstari umeandikwa JUMLA na mbele yake kilo za msimu mzima. Fanksheni yangu, yaani kipande cha kodi chenye jina na kazi yake moja, kazi yake rahisi tu, tafuta mstari wa JUMLA nipe namba. Karani wa kituo cha 12, Mungu ambariki, yeye aliandika TOTAL. Fanksheni ikatafuta JUMLA haikuiona, ikarudi mkono mtupu, sio sifuri wala sio kosa, ni vekta, yaani safu ya namba, yenye urefu sifuri, hewa. Na sapply tabia yake ni hii, majibu yote yakiwa na urefu mmoja inakupa vekta safi, jibu moja tu likitofautiana inageuza mawazo inakupa listi, kapu linalobeba vitu vya kila aina na kila urefu, na haisemi. Mi nikaona listi nikaudhika, nikakumbuka dawa ya mtaani ya listi ni unlist, nikaipiga unlist. unlist nayo hewa haiihesabu. Zikatoka namba 37, nikazikopi nikazipest Excel pembeni ya majina 38 ya vituo, nikaseivu, nikatuma, nikaenda kulala na amani kabisa.

Umeona kilichotokea? Kituo cha 12 kikapewa kilo za cha 13, cha 13 kikapewa za cha 14, hivyo hivyo mpaka chini, cha 37 kikavaa kilo za cha 38, na cha 38 kikabaki uchi. Vituo 27 vimekosewa kwenye karatasi ya malipo ya pili. Na jumla kuu chini ilipungua kilo za kile kituo cha 12 peke yake, kituo kidogo, kwa hiyo hata aliyeangalia jumla hakushtuka.

Mhasibu wetu ni mama wa makamo tunamwita Mama tu. Akanipigia asubuhi nipo Mbuyuni nachagua ndizi.

"Mwanangu uko wapi?"

"Shikamoo Mama, niko sokoni hapa."

"Marahaba. Hebu acha hizo ndizi uje ofisini. Mwenyekiti wa kituo cha mwisho kwenye karatasi yako yuko mbele yangu hapa, anasema watu wake wamebeba magunia msimu mzima, wewe umewaandikia hewa."

Nikafika mzee kakaa na kofia magotini, nikamwamkia akaitikia bila kuniangalia, akatoa kijidaftari mfukoni, kile cha kuandikia madeni dukani, kila siku ya mizani ameiandika kwa peni nyekundu. Akanionyesha jumla yake. Nikaiona ile namba nikaijua, iko kwenye karatasi yangu, ila iko kwa jirani yake. "Kijana," akasema, "hiyo kompyuta yako imekunywa mbege?" Sikuwa na jibu. Bahati hela ilikuwa haijatoka.

Jioni hiyo nikaandika upya kwa map_dbl ya purrr. Ile dbl mwishoni ni ahadi, maana yake kila jibu lazima liwe namba, na iwe moja, sio mbili sio hewa. Nikairun ikagoma. Ikasema nafasi ya 12, jibu linatakiwa kuwa na urefu 1, limekuja na 0. Basi. Sekunde mbili, na imenitajia mpaka namba ya faili. Nilikaa nikaiangalia ile skrini nikawaza yule mzee alivyopanda gari asubuhi kuja kunifundisha kitu ambacho pakeji ya bure ingenifundisha kwa mstari mmoja.

Hapo ndo niliponunua, kama kununua ndo neno. Sio mwendokasi, map haina mwendo kuliko lapply, ndugu wa sapply wa R ya zamani, ni kwamba hii kitu inakataa. Ina ndugu zake, map_chr ya maneno, map_lgl ya kweli na si kweli, map_int ya namba kamili, ukimpa map_int 3.5 haiikati ile nusu, inakukatalia, na map yenyewe bila mkia inakupa listi siku zote, jua mvua ni listi. Wajuzi watasema vapply ya R inafanya hayo hayo, na ni kweli, ipo na inakataa vizuri tu, ila lazima uiandikie mfano wa jibu kila mara na mpangilio wake mi mpaka leo sijaukariri.

Sasa kuhusu kuunganisha, ndo utamu wenyewe. Kazi yangu yote ya mwanzo wa mwezi saa hii ni hii:

mafaili |>
  set_names() |>
  map(soma) |>
  keep(ina_mizani) |>
  map_dbl(kilo_za_jumla)

Mistari mitano. soma, ina_mizani na kilo_za_jumla ni fanksheni zangu mwenyewe nimezipa majina ya Kiswahili, na nakushauri ufanye hivyo, R haijali lugha na wewe utaisoma ka sentensi: chukua mafaili, yape majina, yasome, baki na yenye mizani, toa kilo. Ile |> inaitwa paipu, inachukua kilichotoka juu inakimwaga chini. Kwa sisi wa huku kuielewa sio kazi, ni mfongo, ule mfereji wetu wa Wachagga wa kumwagilia. Maji yanatoka kwenye banio kule juu yanapita kihamba, yaani shamba la nyumbani, cha kwanza, yanashuka cha pili, kila mtu anafanya lake na hakuna anayebeba ndoo. Bila paipu unaandika fanksheni ndani ya fanksheni ndani ya fanksheni, na kuisoma lazima uanzie katikati utoke nje, mabano yamejazana mwishoni huko hujui lipi la nani.

Hiyo paipu ina historia yake. Ya kwanza kupendwa ilikuwa %>% ya pakeji ya magrittr, ya Stefan Milton Bache, 2014, na jina ni la yule mchoraji Mbelgiji Magritte aliyechora kiko akaandika chini hiki si kiko. Kwa Kiswahili utani unapotea, kiko ni kiko na bomba ni bomba, kwa Kiingereza vyote viwili jina moja. Afu Mei 2021 R toleo la 4.1.0 likaja na paipu yake ya kuzaliwa, hii |>, huhitaji pakeji yoyote kwa ajili yake. Inachofanya ni kuigeuza ile kodi wakati inasomwa tu, ukiandika x |> f() R inaona f(x), haikugharimu chochote.

Ila hapa kuwa makini na kompyuta za watu. Niliwahi kupeleka kodi yangu kwenye ofisi moja pale Arusha, jina nalihifadhi, wana R ya 3.6 imekaa humo tangu sijui nani aliyeiinstoli, nikairun mbele ya watu saba ikaleta kosa la alama ya > ambayo haikutarajiwa. Watu saba wananiangalia. Nikaomba nafasi ya kuapdeti, wakasema mwenye paswedi ya kuinstolia vitu yuko likizo. Nilikaa pale mpaka saa tisa nabadilisha |> moja moja kuwa %>%, maana magrittr walikuwa nayo, na kila \(x) kuwa function kamili, maana ule mkato wa kuandika fanksheni nao ulikuja na 4.1.0 hiyo hiyo.

Turudi kwenye set_names maana hiyo ndo watu wanaruka. Angalia mnyororo wangu tena, keep inatupa faili lisilo na mizani. Si ndo yale yale ya kupotea nafasi? Ndiyo, ni yale yale, ukizipest pembeni ya majina kama mjinga mwenzangu utahamisha kilo za watu tena, na safari hii purrr haikuokoi maana keep wewe ndo umeiambia itupe. Dawa ni kuwapa majina mwanzoni kabisa kabla ya kitu chochote. set_names() bila kitu ndani inalipa kila faili jina lake lenyewe, na jina linasafiri na mzigo mpaka mwisho wa mnyororo, map inalitunza, keep inalitunza, map_dbl inalitunza. Ni ka lebo kwenye gunia. Ukishaifunga lebo pale kwenye mizani huna haja ya kukumbuka gunia lilikuwa la ngapi kwenye mstari, hata likishushwa, likapangwa upya, likasahaulika stoo. Na kosa likitokea inakutajia nafasi na jina pamoja. Tangu nianze hivyo sijawahi kupest namba tupu pembeni ya majina, sirudii tena.

Msimu wa pili nikajifanya mjanja. Shida ya mfongo ni kwamba mmoja akiziba wote wa chini hawapati maji, na mnyororo wa purrr ni hivyo hivyo, faili moja bovu kati ya 38 na kazi yote inasimama. Kuna kitu kinaitwa possibly, unaivalisha fanksheni yako, ikishindwa haipigi kelele inarudisha kile ulichoiambia irudishe, mi niliiambia irudishe NULL, yaani kitupu. Afu kuna compact inafagia NULL zote. Nikaziweka pamoja nikaona nimemaliza, mnyororo haukatiki tena maishani. Makarani wanne mwaka huo walikuwa wametuma mafaili yenye paswedi, sijui nani aliwafundisha, soma ikashindwa yote manne, possibly ikanyamaza, compact ikafagia, mi nikapata vituo 34 na mnyororo unang'aa. Nilikuja kugundua kwa sababu ya lebo, nilikuwa na tabia mpya ya kulinganisha majina yaliyoingia na yaliyotoka. Kwa hiyo possibly iheshimu. Saa hii natumia safely, ambayo kwa kila faili inakupa vitu viwili, jibu na kosa, kimoja kinakuwa kitupu, afu nachomoa yenye makosa naiandikia WhatsApp karani husika. Inachosha kidogo kuichambua lakini hainifichi kitu.

Vingine vizuri navipitia haraka. walk ni ka map ila ya kazi ambazo hutaki jibu, mfano kuandika karatasi 38 za vituo 38 kwenye folda, inapitisha mzigo kama ulivyokuja kwa hiyo unaweza kuendelea na mnyororo. map2 inatembea na marundo mawili sambamba, pmap yakizidi. reduce inakunja rundo zima kuwa kitu kimoja, naitumia kuunganisha majedwali ya miezi. Kuna kidude cha .progress ukikiwasha inakuonyesha imefika wapi, kazi ikizidi sekunde kadhaa, na kwa mtu ambaye LUKU inasoma unit moja na nusu hicho kidude sio urembo, unaangalia asilimia unaangalia mita unaamua ukimbilie kununua token au usubiri.

Ila accumulate ndo naipenda, ngoja nikae hapo kidogo. Wakulima wetu wanakopa mbolea wanakatwa kidogo kidogo kwenye kila mzigo. Sema mtu kakopa 90,000, akakatwa 15,000, afu 20,000, afu 25,000. accumulate unaipa ile ya kuanzia na rundo la makato na kanuni ya hatua moja, bakaa toa kato, inakurudishia safari yote, 90,000 na 75,000 na 55,000 na 30,000. Utasema cumsum ya R, ile ya kujumlisha mfululizo, ingetosha, ingetosha kweli hapo. Lakini mi bakaa lisishuke chini ya sifuri, makato yakizidi deni iliyobaki ni hela ya mkulima, na sharti hilo liko ndani ya hatua, kwenye cumsum huliweki kirahisi. Mkulima akija kuuliza mbona nimekatwa mara tatu namwonyesha ngazi, hapa ulikuwa hapa, hapa ukashuka hapa. Mzee mmoja aliiangalia akasema hiyo ndo hesabu, nyingine zile mnatuletea jumla tu kama mnatufokea.

Mdogo wangu yuko Arusha kule Njiro anatengeneza tovuti kwa JavaScript, nilimwonyesha akacheka. "Bro hii si map na filter na reduce tu, mbona sisi tunazo siku zote." Nikamwambia niandikie basi, akaandika, rundo afu nukta map afu nukta filter, na ni kweli inafanana sana, unasoma kutoka mwanzo kwenda mwisho. Tukabishana nusu saa kwenye chipsi mayai. Tofauti niliyoiona mi ni hii, kwake zile kazi ni mali ya rundo lenyewe, zimening'inia kwenye nukta, akitaka hatua ambayo rundo halikuzaliwa nayo inabidi akate mnyororo aizungushe kwa nje. Kwangu fanksheni iko huru, chochote kinachopokea mzigo mkono wa kwanza kinaingia kwenye mfongo, yangu, ya purrr, ya R ya zamani, ya pakeji nyingine kabisa. Yeye akasema lakini kwako huwezi kujua nini kinawezekana mpaka ukariri, mi nikiweka nukta kompyuta inaniorodheshea. Hapo alinipata, sikatai.

Sasa ile nyota niliyoikata.

Kwanza fanksheni ndogo za papo kwa papo zina namna tatu za kuandikwa. Kuna function(x) ya zamani, kuna ile ya kiwimbi ~ na .x, na kuna \(x) mpya. Zote zinafanya kazi, walioiandika wenyewe saa hii wanashauri \(x), lakini maelezo mengi mtandaoni yamejaa viwimbi, anayejifunza anaona mifano mitatu anadhani ni vitu vitatu. Nilimfundisha binti mmoja wa mafunzo kwa vitendo, wiki nzima anaogopa kile kiwimbi, kumbe hakuwahi kukihitaji.

Pili wanabadilisha majina. Nilijifunza map_dfr ya kuunganisha majedwali, nikaizoea, nikaisambaza, 1.0.0 ikaja wakasema hiyo tunaiweka kando, tumia map afu list_rbind. Sababu yao ina akili, hatua mbili zinazoonekana ni bora kuliko moja inayofanya mambo mawili, na ya zamani haijafa inaendelea kufanya kazi. Lakini mi ndo nimeshaandika kwenye daftari la ofisi kwa peni.

Tatu, kosa likitokea katikati ya mnyororo mrefu ujumbe wake una ghorofa. Kosa la map limesababishwa na kosa la soma limesababishwa na kosa la nani sijui, unasoma kutoka chini kwenda juu. Nachofanya nakata mnyororo kwa kuweka alama ya reli mbele ya mistari ya chini, narun hatua moja moja mpaka nimfikie mwenye kuziba. Kuna siku nilitumia saa nzima kumbe ni koma, karani kaandika 45,5 badala ya 45.5 ikasomeka neno.

Na hili sio kosa la purrr ila nitalisema kwa sababu naliona sana, watu wakishaijua wanaitumia kila mahali. Ukiwa na safu ya kilo na bei moja, zidisha safu nzima mara moja, R imezaliwa inafanya hivyo. Nimeona mtu anatumia map_dbl kuzidisha kilo moja moja kwa bei, safu ya mistari laki mbili, anasubiri anasema R ni nzito. Hapana kaka, umeagiza bodaboda laki mbili kubeba gunia moja moja na lori limepaki hapo.

Kuinstoli, wa Windows hamna shida, inakuja imeshapikwa dakika moja. Mi niko Ubuntu, inapikwa kwenye laptopu yako mwenyewe pamoja na pakeji inazozitegemea, rlang, vctrs, cli na wenzao, feni inalia ka mashine ya kusaga ya Kiboriloni. Usiinstoli tidyverse nzima, ile familia ya pakeji ambayo purrr imo, ka bando lako ni la siku, chukua purrr peke yake inatosha. Toleo la 1.1.0 la 2025 limeleta namna ya kugawa kazi kwenye viini vingi vya kompyuta kwa wakati mmoja, in_parallel, mi laptopu yangu ina viini viwili na kimoja nadhani kimechoka sijaijaribu, mwenye mashine atuambie.

Lingine dogo, kitufe cha | kwenye laptopu yangu kilikufa kwa chai. Kwenye RStudio, programu ya kuandikia R, ukibonyeza Ctrl na Shift na M inakuandikia paipu, na kwenye mipangilio sehemu ya kodi unaweza kuchagua ikuandikie ile ya kuzaliwa badala ya %>%. Nimemaliza msimu mzima bila kile kitufe.

Nani aichukue: mwenye mafaili mengi yanayofanana kwa mbali, wa hospitali, wa mashule, wa vikoba, wa mvua, yeyote anayepokea Excel kutoka kwa watu wengi. Mwenye faili moja tu asijisumbue. Na kama unaanza, anza na map_dbl na set_names, hizo mbili tu, mwezi mzima, afu ndo uende kwenye hizo nyingine.

Mafaili ya mwaka huu yameanza kuingia wiki iliyopita. Nimeshairun mara moja, ikagoma nafasi ya 12, na jina la faili likatajwa. Nikampigia karani, akacheka sana, akasema kaka mi nimezoea TOTAL bana. Nimeiongezea kilo_za_jumla neno lake, sasa inatafuta JUMLA au TOTAL.